Kufuli

Wiki ya tatu baada ya mto kuvimba
niliteremka Mlango Kubwa kutoka barabara ya Juja,
kizibao cha manjano kikinipwaya mabegani,
mgongoni kimeandikwa MSAADA
kwa herufi ambazo kila mtu alizisoma
ila mimi niliyezibeba.

Mimi ni mwalimu. Hata matope yakinifika vifundoni
nilikuwa nasahihisha:
ni Mlango Mkubwa, si Kubwa. Ngeli ya M-MI.
Wesonga, kijana aliyenitangulia, akacheka.
"Mwalimu, milango yenyewe ilienda na maji.
Sasa sijui utasahihisha nini."

Nilikuwa na orodha: mablanketi, unga,
sabuni za vipande, ndoo zenye vifuniko.
Penseli nimeichonga pande zote mbili.
Jina? Watoto wangapi? Umepoteza nini?
Watu wakanijibu kwa upole
kama anavyojibiwa mtoto anayejifunza kuhesabu.

Kwamboka hakujibu. Alikuwa akisugua sufuria
kwa mchanga uleule uliofukia nyumba yake.
Mabati matatu, nguzo mbili, pazia la maua.
Nikarudia, polepole, kwa sauti ya darasani:
"Mama, unahitaji nini zaidi?"
"Kufuli," akasema.

Nikatazama pazia.
Nikatazama orodha. Hapakuwa na safu ya kufuli.
Nikaandika: blanketi, moja,
nikaenda zangu nikijua ni mshtuko tu;
mafuriko huwavuruga watu akili,
kwenye semina tuliambiwa hivyo.

Jumamosi zikafuatana.
Nilijifunza kushika koleo chini, karibu na chuma,
la sivyo mgongo haufiki saa sita.
Nilijifunza kutotamka "Jumatatu"
kama Jumatatu yenyewe siijui.
Blanketi nililoliandika
nililikuta kwa jirani aliyejifungua juzi.
Na chai ya Kwamboka, ya rangi, sukari ya kuhesabu,
niliikataa mara mbili kwa huruma,
hadi Wesonga akaninong'oneza: "Kunywa, Mwalimu.
Unamnyima kuwa mwenyeji."

Siku hiyo, kikombe mkononi, ndipo aliponieleza,
bila kuulizwa, akichambua sukuma wiki:
"Tangu maji yaondoke, kila mtu anaingia tu.
Wa kanisa, wa chama, wa kupiga picha.
Hata wewe uliingia na penseli yako.
Hukubisha hodi."

Mimi! Niliyefundisha adabu za mgeni
miaka ishirini na mbili,
nikikata alama kwa kalamu nyekundu.
Chai ilinishinda kumeza.

Nilitafuta kufuli Gikomba, ya shaba, funguo tatu.
Muuzaji alitaka mia nne, tukaelewana mia tatu.
Kwamboka aliipima kiganjani, akaifunga, akaifungua,
akaifunga. Ya bure hakuitaka.
Alinilipa hamsini, hamsini, Jumamosi sita,
na ya mwisho akanidai risiti.
Niliiandika kwa mwandiko wangu bora.

Shule zikafunguliwa, nikapotea.
Nilirudi Julai, katika ile baridi ya Nairobi
isiyobisha hodi kwa yeyote,
bila kizibao, na kilo moja ya sukari.
Pazia halikuwepo. Palikuwa na mlango,
mbao za makasha ya maembe, bawaba mbili zisizofanana,
na katikati, ya shaba, imefungwa.

"Hodi," nikasema.
Hodi.
Hodi.
Jirani akachungulia, mtoto mgongoni, ndani ya blanketi nililolijua.
"Ametoka. Ana kibarua Eastleigh. Jaribu jioni."
Sukari sikumwachia; ningemwachia ya nini,
kama mtu aliyekuja kugawa?
Nitarudi nayo, nikute mwenyewe.

Nikasimama kidogo hapo nje, nimefungiwa,
furaha ikinipanda kama mwizi.
Mlango wenyewe mfupi, hata mimi ningeinama.
Kubwa, nikasema. Mlango kubwa.
Sikusahihisha.