Namba 417

Wametuketisha watatu, meza ya sita,
ukumbi wa kanisa la Kilutheri, Blumenau, mwezi wa Machi.
Feni inazunguka darini kama imelazimishwa.
Kulia kwangu Aderbal, kalamu nne mfukoni.
Kushoto Tercília, aliyeacha manukato nyumbani
na bado anajilaumu kwa sabuni ya nywele.
Maji, biskuti kavu, ndoo ya kutemea.
Majina ya watengenezaji yamefichwa,
kila glasi ina namba, kama mfungwa.

Nimekuwa jaji miaka kumi na minane.
Tangu Juni mwaka jana sina pua.
Homa ilikaa wiki moja, ikaondoka nayo.
Sijamwambia mtu.

Jucelino analeta trei, anaweka 417.
Rangi kwanza: hapo sina hofu.
Nyekundu ya goti la mtoto aliyeanguka juzi.
Povu la waridi, linasimama, halafu linakata tamaa.
Naandika: mbili kwa tatu.

Aderbal amezamisha pua, amefumba macho.
Tercília anasema "mm,"
na hiyo "mm" yake ina ghorofa.
Nami nanusa,
nanusa kwa bidii, kama anayebisha hodi
kwenye nyumba iliyohamwa.
Ubaridi wa kioo, basi.
Alama kumi na mbili za harufu:
nafasi nyeupe, inanitazama.

Zamani ningesema, hii ni pitanga,
tunda la mbavu nane, kiboga cha kuchezea,
lenye harufu ya jani lililofikichwa na pilipili kwa mbali.
Shangazi Irmgard alikuwa na mti wake uani,
tukila, tukiwatemea kuku kokwa.
Ningesema. Sasa nakumbuka maneno tu.

Nikaonja.
Ulimi, kumbe, haukuhama.
Uchachu uliingia pembeni, chini ya masikio,
ukabana taya palepale ulipobana nikiwa na miaka saba,
mate yakaja bila kuitwa.
Chumvi kidogo, ya kidole kilicholambwa.
Nyuma yake ukakasi, ukisugua ufizi
kama ganda la ndizi mbichi.
Kisha ukaaga na kufunga mlango.
Ninaujua uchachu wa ajali, ule wa siki, unaochoma koo.
Huu uliuma bila kutoa damu.
Mwonja asali haonji mara moja, wanasema;
mwonja chachu je?
Nikarudia. Sikutema.

"Thelathini na mbili," akasema Aderbal.
"Tunda limezidi. Ni juisi iliyovalishwa kofia ya bia."
"Arobaini na moja," Tercília akasema. "Tunda la kweli, si sharubati."
Kanuni inataka tusipishane zaidi ya saba.
Wakanigeukia.

Ningeweza kusema thelathini na saba,
katikati, kwenye kivuli wanapopumzikia waongo.
Mara saba tangu asubuhi nilikuwa nimepumzika hapo.
Nikaigeuza karatasi waione.
"Harufu sijaandika. Sina pua."

Feni.
Aderbal akaweka kalamu chini.
Tercília hakunionea huruma, namshukuru.
"Basi tuambie uchachu," akasema.
"Sisi pua zimetupigia kelele, hatukuusikia."

Nikawaambia: masikio, taya, ganda la ndizi.
Aderbal akaonja tena, polepole,
amejibana pua kwa vidole viwili
kama mtoto anayenyweshwa dawa.
Akakaa kimya.
Akafuta thelathini na mbili.

Kabla ya sampuli iliyofuata
Dona Zenaide, msimamizi, alinitoa mezani.
Ni haki yake; hata mimi ningejitoa.
Nikapewa kazi ya kusuuza glasi
na Jucelino, ambaye hakuuliza kitu,
ila alinipa taulo kavu.

Jioni nilipanda basi meno yakiwa na ganzi.
Sijui nani aliitengeneza 417,
sikungoja kusikia imepata nini.
Ningempa alama zote kwa ule uchachu peke yake,
lakini karatasi haina mstari wa hivyo.