Fungu

Sokoni Mbuyuni, fungu ni nyanya nne na ya tano juu:
ya juu imefutwa vumbi, za chini zimelalia majeraha.
Kule Manispaa, fungu ni namba ndefu yenye koma,
nayo ina ya juu yake, na ina za chini.

Mimi nimesimama katikati,
mashine ya ushuru kiunoni.
Inalia kama kifaranga, inatoa ulimi wa karatasi.
Ndealilia Mamuya hunipa mia tano ya asubuhi,
sarafu bado ina baridi ya maji aliyooshea nyanya,
na huniuliza, bila hasira,
kama anayeulizia hali ya mgonjwa:
"Leo inaenda wapi?"

Nilimjibu nilivyofundishwa kwenye semina ya siku mbili.
Inakwenda benki, inalala na wenzake:
ushuru wa stendi, leseni za baa,
kodi za vibanda, ada ya machinjio.
Kumi katika kila mia ni mikopo
ya akina mama, vijana na wenye ulemavu.
Inayobaki inaendesha ofisi, na inajenga.
Nyingine hutoka Hazina, ya mishahara na dawa,
nayo huja kama masika ya mwaka huu:
ilitabiriwa kubwa.

Akasema, "Na mtaro?"

Mtaro uko nyuma ya meza yake.
Umeingia bajeti mara tatu, nimeuona kwa macho yangu,
ukurasa wa themanini na moja,
kati ya matairi ya gari la taka
na ukarabati wa choo cha walimu.
Mwaka wa kwanza fedha hazikufika.
Wa pili zilifika Juni ishirini na saba,
zikaondoka tarehe thelathini, hazijavua viatu.
Wa tatu, diwani aliusemea hadi koo likamkauka,
akajibiwa: umezingatiwa.

Umezingatiwa.
Neno hilo lina godoro na shuka.

Jumamosi mtendaji akaitisha mkutano,
asome mapato na matumizi ya robo mwaka.
Alisoma vizuri, hakuruka hata senti.
Ndealilia akainuka na kopo la mafuta ya kupikia,
akalimimina juu ya meza: risiti,
miezi kumi na moja ya risiti,
zote nyeupe.
Wino wa mashine yangu huogopa jua.

"Mia tano zangu hizo," alisema. "Nisomee."

Mtendaji akageuza moja, akageuza ya pili,
akainyanyua ya tatu kwenye mwanga wa dirisha.
Hakuna aliyecheka.
Mbonea wa vitumbua akapekua pochi yake:
nyeupe, na alama ya mafuta.

Sijui muhtasari uliandika nini.
Jumatatu nilinunua daftari gumu, elfu tatu,
fedha yangu, haina kifungu.
Sasa mashine ikishalia, naandika kwa kalamu:
jina, tarehe, mia tano.
Ndealilia huufuatisha mkono wangu kwa macho
kama anayepimiwa sukari.

Jana alinizuia nisifunge.
"Piga mstari katikati," akasema.
Nikapiga.
"Upande huu tumetoa sisi. Ule ni wao."

Akatandaza kiganja kwenye nusu tupu ya ukurasa,
kikaacha alama ya maji.
Mvua ilikuwa imeanza.
Tukainua meza, yeye huku, mimi kule,
tukaisogeza mbali na mtaro.