Kutangulia Si Kufika

Mimba ya nne, Mwanashehe, zahanati ya Pongwe,
saa kumi alfajiri, njia imefunguka yote,
na kidole changu, kilichotafuta utosi,
kimegusa tako.

Kadi ya kliniki inasema kichwa kiko chini.
Mtoto hasomi.

Bombo kuna kisu na taa,
ila gari limempeleka mwingine, halijarudi.
Ungekuwa mguu mmoja unaning'inia,
ningempakia hata kwenye bajaji.
Huyu kanyoosha miguu hadi usoni,
nyonga za mama zimekwishapitisha watatu,
na moyo wake mdogo haujakosa hatua.
Nilimweleza mama njia zote mbili na hatari zake.
Akasema, "Hapa."

Mwanafunzi wangu, Semkiwa, alinyoosha mkono avute;
nikaupiga kofi.
Ukimvuta, atarusha mikono juu ya kichwa.
Acha mama asukume.

Tako. Kitovu. Bega, na bega la pili.
Mwili mzima uko Pongwe,
kichwa bado hakijaamua.
Nikamfunga kiwiliwili kwa khanga waliyokuja nayo,
imeandikwa KUTANGULIA SI KUFIKA,
wala sikucheka.

Kisogo kilipochungulia nilimlaza kwenye kigasha,
vidole viwili mashavuni, kidevu kiinamie kifua,
Semkiwa akibonyeza juu ya kinena.
Dakika mbili. Saa ya ukutani ilizihesabu, si mimi.

Alitoka wa buluu, akanyamaza,
kisha akatufokea sote.

Gari liliingia kunapambazuka.
Dereva akauliza, "Yuko wapi wa kukimbizwa?"
Hapo ndipo mikono yangu ilipoanza kutetemeka.