Mshono wa Kibuyu

Nauza mabeseni Mwaloni, Kirumba,
mekundu, ya buluu, ya rangi ya ndizi mbivu,
yamepandana hadi yamenipita kimo.
Beseni moja humaliza miezi mitatu kwa mchuuzi wa dagaa,
kisha hupasuka mdomo, naye hurudi kwangu.
Ndivyo nilivyosomesha watoto: kwa nyufa.

Bibi Nyanzobe alipofariki kule Kayenze
wajomba waligawana ng'ombe, shangazi wakagawana vitenge,
mimi niliyechelewa basi nikaachiwa kibuyu
chenye ufa kutoka shingoni hadi kitakoni,
na ufa umeshonwa.
Nilikigeuza juani. Mishono kumi na tisa
ya uzi wa katani, imebanana kama meno ya furu,
na juu yake nta ya nyuki, nyeusi kwa moshi.
Nikatia maji. Hakikuvuja.
Nikaenda kusalimia majirani, nikarudi.
Hakikuvuja.

Tulimwita bahili.
Maji ya kufulia hayakumwagwa, yalikwenda kwenye mpapai.
Sufuria aliisugua kwa majivu, na majivu mengine
aliyachanganya na choroko, wadudu wasiziguse.
Viazi vikizidi alivikata, akavianika
juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba,
na Februari, jirani akikung'uta debe tupu,
sisi tulitafuna michembe tumenuna,
tukiota mkate wa mjini.

Sitaki kuipaka asali hiyo zamani.
Ziwa lililotuogesha ndilo lililotupa kichocho.
Ndugu yangu Luhende alizikwa kwa homa
ambayo leo ingekwisha kwa vidonge vya elfu tatu.
Na Bibi hakushona kwa mapenzi,
alishona kwa sababu kibuyu kingine hakikuwepo.
Nakubali.
Ila mkono ule mtupu ulijua jambo
ambalo huu wangu uliojaa haukuwahi kufundishwa.

Mwaka jana mvua za vuli zilipiga siku mbili.
Mto Mirongo ukashuka umebeba mji mgongoni,
ukautua ziwani.
Asubuhi nilisimama ufukweni, magugu maji yamejaa,
na katikati ya magugu, vipande:
chekundu, cha buluu, cha ndizi mbivu.
Niliyajua mabeseni yangu
kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe gizani.

Usiku nikawasha jiko, nikalaza msumari kwenye makaa.
"Mama, leo tunakula misumari?" akauliza Kwandu.
Beseni la kwanza liliyeyuka, likaninukia nguoni hadi Jumapili.
La pili lilishoneka, likavuja.
La tatu nilitoboa mbali kidogo na ufa,
kama alivyotoboa yeye,
nikapitisha uzi wa nyavu kuukuu.
Likashika.

Sasa mezani kwangu kuna sindano ya kushonea magunia.
Jipya elfu tano, kushona mia tano.
Bukwimba wa kibanda cha pili hucheka mpaka ashike nguzo:
"Wewe ndiye wa kwanza kuona
mwenye duka anayewafukuza wateja kwa uzi!"
Labda. Mwezi uliopita nilipungukiwa kodi,
nikamkopa yeye huyohuyo, akanipa, bado anacheka.
Lakini yule mama wa dagaa kutoka Igombe
amekuja na beseni lake la buluu kwa mara ya tatu,
limejaa makovu,
na amekataa nisilitupe upande wa takataka
hata kwa utani.

Jana, biashara imelala, nilikitoa kibuyu chini ya meza
nikahesabu mishono upya.
Ishirini.
Ule wa mwisho umejificha shingoni, chini ya nta,
na si wa katani.
Ni wa nailoni, kijani,
uzi wa wavuvi.