Balbu ya Makoroboi

Elfu thelathini na nane, akasema Lugembe
bila kupepesa, hapa hapa Makoroboi
ambapo bibi alinunua kibatari kwa senti hamsini,
utambi akausokota mwenyewe.

Ya kawaida elfu mbili mia tano.
Nikapiga hesabu mgongoni mwa risiti ya luku:
kumi na tano kwa hii moja,
na mia tano ya vocha inabaki.
Tena hii inataka bando ndipo itii,
inataka simu yenye chaji,
na umeme ukikatika
akili yake yote haifiki ya njiti ya kiberiti.

Lakini goti la mama.
Swichi iko mlangoni, hatua tisa toka kitandani,
na sakafu yetu ya Igogo ni jabali lenyewe
lililokataa kusawazishwa.
Machi alianguka akiifuata.
Plasta, nauli za Bugando,
wiki tatu sikwenda kiwandani:
hizo nazo nikaanza kuziandika,
risiti ikaisha.

Nikalipa.

Zamu ya usiku, minofu ya sangara,
mapumziko ya saa nane
nikasimama nje, glavu kwapani,
ziwa nyuma yangu likinuka magamba,
nikabonyeza.
Kule juu, kati ya mawe,
dirisha moja likaitika.

Simu ikalia papo hapo.
"Nani kaniwashia taa nimelala?
Zima, uniti zinakwisha!"

Sikuzima.
Niliishusha kwa kidole, taratibu,
mpaka ikabaki kiasi cha kibatari.