Mpini wa Mwiko

Saa tisa usiku, Turi. Baridi ya huku haipigi hodi,
hupita chini ya mlango kama mwenye nyumba.
Vifaranga mia tatu na kumi wamerundikana kwenye kona,
wa chini wanakanyagwa, wa juu wanalia,
na hita ya mafuta taa imegoma.

Nimeanza na yaliyo rahisi, Sigilai akinielekeza kwa simu.
Plagi imekaa. Soketi nimeijaribu kwa redio, ikatoa mahubiri.
Fyuzi nimeitoa, nikaiinua kwenye tochi:
unywele wake mzima.
Mafuta yamo, nusu tangi, na deni lake nimelipa.

“Weka sikio. Inanguruma, au kimya kabisa?”
Ilikuwa inanguruma, kwa mbali,
kama mtu aliyeamshwa ghafla hajakumbuka jina lake.
“Chomoa, itaungua! Sasa zungusha pangaboi kwa kidole.”
Manyoya yakadondoka, na vumbi la chakula,
pangaboi likaenda raundi mbili, laini, bila kukwaruza.
“Beringi ni nzima. Hiyo ni kapasita.
Mota haijafa, Mama Jeruto. Imeshindwa kuanza tu.”

Nikamfikiria Baba, chumba cha pili.
Tangu kiharusi cha Aprili
kutembea anatembea, hata hadi langoni,
ila hatua ya kwanza
lazima mtu amsogezee goti.

Nikaleta mwiko wa ugali.
Nikachomeka. Ikanguruma.
Nikapenyeza mpini katikati ya nyaya za kinga,
nikasukuma bapa moja, nikarudisha mkono haraka.
Likayumba. Likafikiri.
Kisha mabapa yote yakapotea machoni,
moto ukashika, na ule uvundo wa mafuta taa
sijawahi kuupenda kama usiku huo.

“Usilale,” akasema Sigilai, naye akaenda kulala.
Umeme ukapotea mara nne kabla ya adhana ya Molo,
au labda ni mara tano, moja nilisinzia.
Kila uliporudi, mwiko.

Kumekucha. Kumi na saba wako kwenye karai, nimewafunika gunia.
Waliobaki wametawanyika, wanadonoa, hawana habari.
Kiganjani nimeandika kwa biki:
maikrofaradi nane, volti mia nne na hamsini.
Nakuru wanafungua maduka saa mbili.

Baba anakohoa. Anataka kutoka nje, aone jua.
Nimeenda kumwinua
na mwiko ungali mkononi.