Jiwe la Pili

Saa kumi na moja alfajiri simu ililia kidogo
nikajua ni yule mnunuzi wa Denmaki.
Mikoba ishirini na minne ya ngozi ya sangara,
dola thelathini na tano mmoja.
Piga hesabu mwenyewe; mimi nilikesha nikipiga.
Mia nane na arobaini.
Na chini yake, kwa herufi za kijivu
kama mtu anayeona haya kusema:
zinasubiri uhakiki, siku ishirini na moja.

Wanataka anwani.
Mtaa gani, nyumba namba ngapi?
Anayepanda huku kwetu Mabatini anajua:
unampita muuza mkaa, bomba unaliacha kushoto,
unashika ngazi hadi kwenye jiwe lenye ufa,
la pili, siyo la kwanza,
hapo unaita, "Hodi, kwa Minza!"
Nikaandika: Jiwe la Pili.
Jibu likaja kabla sijapepesa: anwani haitambuliki.
Jiwe lile,
lililokuwapo kabla ya benki zote.

Wanataka bili ya maji.
Bili ina jina la mzee Bahitwa mwenye nyumba,
marehemu mwaka wa sita huu,
na kila mwezi bado anadaiwa.
Wanataka uso wangu kando ya kitambulisho.
Kitambulisho kinasema Lugwisha, akaunti inasema Lugwesha.
Herufi moja imezikalia dola zangu
kama kuku atamiaye.

Barua zao ningezitia vina, zingesomeka hivi:

Fedha zako zimefika, tumeziweka pahali,
Kwa macho utazishika, utaziona kwa mbali,
Ukitaka kuzidaka, tuletee serikali,
Siku zikitimu, ngoja: pengine tutakubali.

Siku ya nane nilikwenda Igombe
kumwomba Bituro anivumilie deni la ngozi.
Nilimkuta juu ya mapipa, kwenye vizimba vyake,
sato wakirukaruka ndani ya wavu, wanene, wengi.
"Wote wako?"
"Wangu. Ila ni wa mkopo.
Mpaka Desemba siruhusiwi kuvua hata wa kitoweo."
Akawarushia konzi ya chakula.
Nilicheka mpaka nikashika mbavu;
alidhani namcheka yeye.

Jioni Nkwimba, ninayemfundisha kazi,
alisimama mlangoni, sindano bado mkononi.
"Dada, ile ya wiki mbili?"
"Subiri mzigo ukubaliwe."
"Si walishaukubali?"
"Basi subiri pesa."
Nikazisikia zikitoka kinywani mwangu
zile herufi za kijivu.

Na niseme yote, maana hapa hakuna wa kunihakiki:
kabla ya Denmaki, kabla ya uhakiki wowote,
nilishamwambia subiri
nikiwa na elfu sitini ndani ya kopo la kahawa.
Sikuwa na sababu.
Ni utamu tu wa kujua kwamba ipo,
na kwamba ufunguo ninao mimi.

Siku ya kumi na tisa wakaachia, bila maelezo,
kama walivyoshika.
Ila kuna kikomo: dola mia kwa siku.
Siku tisa za kuchota mtungi kwa kijiko.
Kijiko cha kwanza nilikitoa kwa wakala wa Mlango Mmoja,
nikapanda nacho ngazi zote bila kupumzika,
nikamwekea Nkwimba mkononi:
ya wiki mbili, na ya zile za nyuma
ambazo yeye alikwisha kuacha kuzitaja.

Alihesabu mara mbili. Ana haki.
Akazikunja, akazitia kwenye kipochi cha ngozi,
kazi yake mwenyewe, niliyoikataa mwezi wa tatu
kwa kuwa mshono umepinda.

Neno samahani lilinikwama.
Nikauliza tu kama mshono unashika.

"Unashika," akasema,
akarudi kwenye meza, akavuta uzi.